KIPINDUPINDU NA NJIA ZAKE: KUTOKA MAKKA NA ZANZIBAR HADI MAZIWA MAKUU



Safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo kila familia ya kando ya ziwa inalijua kwa maumivu yake, lakini ni wachache wanaoijua historia yake. Nalo ni kipindupindu, ambacho wazee wengine walikiita waba. Tutaeleza ulitoka wapi ugonjwa huu, ulipita njia gani mpaka ukafika kwetu, na watu waligundua vipi njia hizo kwa kuuliza maswali mawili tu: wapi? na lini?

Tunaandika haya kwa sababu moja kubwa. Sisi Waislamu wa Ujiji, Bujumbura, Uvira na Kasongo tunapenda kueleza, na ni haki yetu kueleza, jinsi dini na lugha ya Kiswahili vilivyotufikia kwa njia ya misafara kutoka pwani. Lakini njia ni njia. Ile ile iliyowaleta walimu na biashara ndiyo iliyoleta watumwa waliofungwa minyororo, na ndiyo iliyoleta kipindupindu. Mtu anayetaka kuijua historia yake aijue yote.

SAYYIDNA UMAR (R.A.) NJIANI KWENDA SHAM

Tuanze na kisa wanachokijua wengi. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, wakuu wa jeshi walimpa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Hii ndiyo inayojulikana kama tauni ya Amwas, kwa jina la kijiji kimoja cha Palestina, na mwaka wake ni wa 18 Hijria (639). Umar alishauriana na watu, wakatofautiana. Abdurrahman bin Awf (R.A.) ndiye aliyekuja na mafundisho ya Mtume (S.A.W.): ukisikia tauni iko katika nchi usiingie, na ikiwa uko ndani yake usitoke kwa kuikimbia. Umar akageuza msafara akarudi Madina.

Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (R.A.) walifariki katika tauni ile. Baada yao Amr bin Al-Aas (R.A.) aliwatawanya watu wakapanda milimani.

Vijana wetu, tazameni hukumu ile imejengwa juu ya nini. Imejengwa juu ya mahali. Kuna nchi yenye ugonjwa na nchi isiyokuwa nao, na mpaka kati yake unalindwa kwa kuzuia mwendo wa watu, wanaoingia na wanaotoka. Karne nyingi kabla ya darubini, Waislamu walikwisha fundishwa kwamba ugonjwa una mahali pake na una njia zake.

LONDON 1854: NANI ALIKUFA NA NANI HAKUFA

Sasa turuke karne nyingi. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, mjini London. Kwa muda mfupi watu zaidi ya 600 walikufa. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa unatokana na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na mawazo mengine. Yeye aliamini kwamba uko katika maji.

Snow alikwenda nyumba kwa nyumba, kisha akaweka alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa. Alama zikajazana kuizunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Lakini ramani peke yake ingeweza kubishiwa, kwani hata mwenye kuamini hewa chafu angesema kwamba hewa ya pale ndiyo mbaya. Kwa hiyo Snow akauliza swali la pili, nalo ndilo lenye akili zaidi: nani aliyekaa karibu na pampu ile na hakufa?

Akakuta nyumba ya kuwahifadhi maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni 5 tu. Walikuwa na kisima chao. Akakuta kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi wapatao 70, na hakufa hata mmoja. Hawakuwa wakiyatumia maji ya pampu ile. Akakuta pia mjane mmoja aliyekaa mbali, mtaa wa Hampstead, ambaye aliyapenda maji ya Broad Street akiletewa kila siku, naye akafa. Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ukaondolewa. Kweli ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua wenyewe, na Snow mwenyewe alilisema hilo bila kuficha, lakini ushahidi ulikuwa umepatikana.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Moja ilichota mtoni pale maji machafu ya jiji yalipomwagika. Nyingine ilikuwa imehamisha sehemu yake ya kuchotea juu ya mto mwaka 1852, kabla maji hayajachafuliwa na jiji. Snow akahesabu vifo vya wiki saba za kwanza. Katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa watu 315. Katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya pili walikufa 37. Hewa ni moja, mtaa ni mmoja, tofauti ni maji tu!

Snow alifariki mwaka 1858, wakati wakubwa wengi wa tiba walikuwa bado hawajamkubali.

HIJJA YA 1865 NA LAWAMA KWA MAHUJAJI

Mwezi wa Mei 1865 mahujaji walikusanyika Makka kama ilivyo ada. Kipindupindu kikaingia kati yao. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba katika mahujaji wapatao 90,000 walifariki kiasi cha 15,000. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Waliobaki walipanda meli za moshi kurudi makwao, na ugonjwa ukapanda nao. Ukaingia Suez, ukaingia Alexandria, na kabla mwaka haujamalizika ulikuwa umefika miji mingi ya Ulaya.

Mataifa yakaitisha mkutano mjini Istanbul mwaka 1866. Wajumbe walikaa na tarehe na majina ya bandari, wakaufuatilia ugonjwa meli kwa meli. Ilikuwa kazi ya elimu. Lakini ndani yake ilikuwamo pia lawama. Hujaji maskini, aliyebanwa katika meli iliyojazwa kupita kiasi na wenye meli wanaotaka faida, ndiye aliyeonekana kuwa hatari. Zikajengwa kambi za karantini, kama ile ya kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu iliyofunguliwa mwaka 1882, na ile ya Tur katika Sinai.

Jina hilo la Tur halikupotea. Mwaka 1905, katika kambi ile, aina moja ya kijidudu cha kipindupindu ilipatikana kwa mahujaji, ikaitwa El Tor. Aina hiyo ndiyo iliyoanza kutapakaa duniani kutoka Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970, na ndiyo inayotusumbua mpaka leo. Jina la kambi ya mahujaji limebaki katika jina la ugonjwa, ingawa mahujaji wale walikuwa wagonjwa, si wahalifu. Tulikumbuke hili, kwa sababu ramani inaweza kumwokoa mtu na inaweza pia kumtia alama ya aibu.

DAKTARI WA ZANZIBAR

Sasa tufike nyumbani. Katika miaka ya 1860 alikuwako Zanzibar daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani. Huyu ndiye aliyetuandikia kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Kilichapishwa London mwaka 1876, na ndani yake aliweka habari za nchi, za makabila na za biashara, kwa sababu aliona kwamba bila ya kujua nani anafanya biashara na nani, huwezi kujua ugonjwa umepita wapi.

(Kwa faida ya wanafunzi: Christie huyo huyo aliandika pia mwaka 1872 kuhusu homa ambayo watu wa Zanzibar waliiita kidinga pepo, na yeye alidhani kwamba jina la homa ya dengue limetokana na neno hilo la Kiswahili.)

Kwa muda mrefu watu wa pwani walijua kwamba waba huja na bahari. Mwaka 1859 ulikuwa Kilwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliporudi kutoka ziwa Tanganyika, walifika huko mwezi wa Februari mwaka ule wakaikuta Kilwa imejaa maiti. Kwa hiyo mwaka 1869 kila mtu aliyeogopa ugonjwa alikuwa akitazama baharini, kwenye majahazi yanayokuja na msimu wa kaskazi.

Safari ile ugonjwa ukaja kwa mlango wa nyuma. Uliingia Pangani mwishoni mwa 1869, nao ulitoka bara, upande wa Umasaini. Inawezekanaje? Hapakuwa na madaftari ya hospitali, hapakuwa na simu, na ramani za bara zilikuwa na nafasi nyeupe nyingi. Christie akafanya lile aliloliweza. Akawauliza watu: wafanya biashara wa pembe za ndovu, wasafiri wa bara, watu wa majahazi. Mliuona wapi ugonjwa? Ulikuwa mwezi gani? Mlitoka wapi kabla ya hapo?

Alipounganisha majibu, akapata njia. Ugonjwa wa Hijja ya 1865 ulivuka Bahari ya Shamu, ukapita nchi za Uhabeshi na za Wagalla, ukateremka taratibu mpaka kwa Wamasai, na misafara ya pembe ikaupokea na kuuleta Pangani. Miaka minne njiani! Kutoka Pangani majahazi yakauvusha mpaka Zanzibar, na huko uliua maelfu kwa maelfu mpaka katikati ya mwaka 1870.

Kutoka Zanzibar ukagawanyika. Mkono mmoja ulikwenda kusini kwa majahazi, Kilwa, visiwa vya Ngazija na Msumbiji. Mkono wa pili ulikwenda bara. Na hapo ndipo tunapoingia sisi.

NJIA YA UJIJI

Wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakapumzika Unyanyembe, wakateremka Ujiji, na wengine wakavuka ziwa mpaka Manyema. Kipindupindu kilipita njia hiyo hiyo, kambi kwa kambi, kisima kwa kisima. Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870, alipata huko habari za ugonjwa ule, na msafara uliotumwa kutoka Zanzibar kumpelekea vitu vyake ulipoteza watu kwa kipindupindu.

Hakuna aliyeandika majina ya wapagazi wale. Hakuna aliyehesabu watumwa waliokuwa wakiteremshwa pwani na kuachwa kando ya njia. Kila tunapoona namba katika historia ya ugonjwa tukumbuke kwamba ni hesabu ya wale walioonwa na mwenye kalamu. Wengine wako kwa Mola wao, naye anawajua mmoja mmoja.

Sayyid Barghash alitawala Zanzibar tangu Oktoba 1870, miezi michache tu baada ya msiba ule. Katika utawala wake alijenga mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi zilizoko upande wa Bububu. Wengi wanamkumbuka kwa jumba lake la Beit el Ajaib. Sisi tunaona mfereji ule ulikuwa ajabu zaidi, kwani jumba lilitazamwa na watu, na maji yaliingia katika kila kinywa.

GOMA, JULAI 1994

Hatuwezi kuizungumza historia hii bila ya kuitaja Goma. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, vyoo havichimbiki, na hata makaburi hayakuchimbika. Watu walikunywa maji ya ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa kiasi cha watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Elimu ya Snow ilikuwa na miaka 140 wakati huo. Ugonjwa ulijulikana, dawa ilijulikana, lakini maji safi hayakuwapo mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa.

Baadaye, katika miaka ya 2000, mtafiti wa Kongo, Didier Bompangue, pamoja na Mfaransa Renaud Piarroux, walikusanya ripoti za wagonjwa za kila wiki kutoka maeneo ya afya ya Kongo, wakaziweka kwenye ramani na kwenye kalenda. Wakaona kwamba ugonjwa hauko kila mahali kwa usawa. Kuna miji michache ya kando ya maziwa, kama Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, ambako haumaliziki, na kutoka huko ndiko unakotapakaa kwenda kwingine. Maana yake ni kwamba ukiwa na fedha kidogo usizitawanye nchi nzima. Zipeleke penye chanzo.

HESABU ZA MVUA NA ZA BOMBA

Zanzibar nako hesabu zimefanywa. Mlipuko wa kwanza wa zama hizi ulitokea mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi, wakaugua 411 na kufa 51. Watafiti walizipanga takwimu za wagonjwa za miaka ya 2002 hadi 2008 pamoja na za joto na mvua. Wakakuta kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1, baada ya miezi minne wagonjwa huongezeka kiasi cha mara mbili. Na mvua ikizidi kwa milimita 200, baada ya miezi miwili wagonjwa huongezeka mara 1.6. Kwa hiyo mwenye kupima mvua leo anaweza kumpa daktari taarifa mapema.

Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika shehia za hatari za Unguja na Pemba. Karibu nusu ya waliolengwa, watu wapatao 24,000, walipata dozi mbili. Hesabu zilionyesha kwamba chanjo iliwakinga kwa asilimia 79, na hata wasiochanjwa waliokaa kati ya majirani wengi waliochanjwa walipata kinga kubwa. Huo ndio ujirani mwema!

Lakini hesabu iliyotugusa zaidi ni ya Uvira, ng'ambo tu ya Bujumbura. Watafiti walichukua madaftari mawili. La kwanza ni la mtambo wa maji, linaloonyesha kila siku maji kiasi gani yamesukumwa mjini. La pili ni la kituo cha tiba ya kipindupindu, linaloonyesha kila siku wameingia wagonjwa wangapi. Wakayaweka pamoja kwa miaka ya 2009 hadi 2014. Jibu lilikuwa wazi. Siku moja bila ya maji ya bomba iliongeza wagonjwa kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na kukatika kwa maji.

Kina mama hawakuhitaji kuambiwa. Bomba likikauka, ndoo hupelekwa ziwani. Lakini mama akisema, huambiwa analalamika. Madaftari mawili yakisema, mkubwa wa maji hana pa kukimbilia. Hiyo ndiyo faida ya kuandika.

HITIMISHO

Ndugu zetu, tunatoka na mafunzo yafuatayo:

1. Mgonjwa asifichwe. Kumficha ni kuifuta alama yake kwenye ramani, na jirani atalipa. Anayeumwa hana aibu yoyote.

2. Mgonjwa anywe maji ya chumvi na sukari tangu kuhara kunapoanza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Anayetibiwa mapema hupona, na vifo huwa chini ya mmoja katika kila 100.

3. Misikiti na madrasa zetu ziangalie visima na mapipa ya udhu. Maji ya kunywa yawe mbali na ya kunawia, na yatiwe dawa au yachemshwe.

4. Tuandike. Katibu wa msikiti anayeandika siku ambazo maji yalikatika na nyumba zilizougua anafanya kazi ya John Snow na ya Christie.

5. Vijana mnaopenda hesabu na jiografia, msidhani kwamba masomo hayo hayana thawabu. Nchi zetu zinahitaji watu wa kusoma ramani za magonjwa, na wasomi hao wakiwa watoto wa kando ya ziwa watajua ni maswali gani ya kuuliza.

Njia ya misafara imekuwa barabara ya lami, na majahazi yamekuwa maboti ya injini, lakini watu bado wanakwenda na kurudi na ndoo bado zinateremka ziwani. Tumwombe Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia, waliozikwa wakijulikana na wasiojulikana, awaponye wagonjwa wetu, na awape viongozi wetu moyo wa kutuletea maji kabla ya kutuletea makaburi.